Siku Tuliyochoma Ini la Mwenye Bucha

Vijana wa thieta ya upasuaji, siku mliponiaga nikistaafu mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu vibaya. Halafu yule mrefu kati yenu akasema, "Sista Nasimiyu, si uandike basi, tujue mlikuwa mnafanyaje kazi kabla ya hizi mashine." Haya, nimeandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, waulizeni wenyewe. Wengine bado wamenuna. Mimi nitawaeleza habari za moto.

Nilifika hospitali yetu pale Umoja, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka chuo cha uuguzi huko kwetu magharibi. Ilikuwa hospitali ndogo, ghorofa moja ya jengo la watu wengine. Chini yetu palikuwa na bucha ya Ouma, mtu wa Siaya mwenye tumbo la heshima, na kando ya bucha sehemu ya kula nyama, yenye viti vya plastiki na televisheni iliyofungiwa juu ukutani kama ndege wa thamani. Nyuma, uani, Fundi Kamau alikuwa akitengeneza mageti na vyuma vya madirisha. Kwa hiyo jengo zima liliishi kwa kuchoma. Ouma alichoma mbuzi, Kamau alichomea mageti, na sisi juu tulichoma watu.

Hilo la mwisho sikuambiwa chuoni. Siku ya kwanza nilifika bila kunywa chai, nikapanda ngazi, nikasimama mlangoni pa thieta. Harufu ya nyama ikanipiga puani, nzuri, ya kukolea. Mate yakanijaa. Metroni Rasoa, mkuu wa wauguzi, mama wa Kimaragoli mwenye miwani iliyokaa nchani mwa pua, akatoka kunipokea.

"Shikamoo, Metroni," nikasema. "Kumbe hapa wafanyakazi wanapikiwa?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo unayonusa ni mtu wa kiwandani kule Baba Dogo. Tumemtoa uvimbe mgongoni, sasa daktari anamziba mishipa. Chai iko kule, kama bado unaitaka."

Sikuitaka. Nyama nilikaa nayo mbali hadi Krismasi.

Mashine yenyewe jina lake la kitabuni ni dayathemi. Sisi tuliiita pasi. Lilikuwa sanduku la kijivu lenye taa mbili na mlio wa mbu. Umeme unatoka kwenye ncha iliyo mkononi mwa daktari, unapita mwilini, na kutokea kwenye bamba pana lililolazwa chini ya paja la mgonjwa. Pale kwenye ncha, umeme unabanana, kwa hiyo moto ni mkali na damu inaiva na kuziba. Pale kwenye bamba umeme unatawanyika, na mgonjwa hasikii kitu. Ndiyo maana Metroni alikuwa mkali juu ya lile bamba kuliko juu ya kitu kingine chochote duniani, ukitoa watu wanaovaa viatu vya nje ndani ya thieta. Likikaa nusu, paja linaungua. Chini kulikuwa na vikanyagio viwili: cha manjano hukata, cha bluu huziba. Alinifanya nitamke kila asubuhi kama sala, "Manjano kata, bluu ziba." Mume wangu alilalamika kwamba nilikuwa nikitamka hivyo usingizini, na kwamba yeye hakujua anakatwa au anazibwa.

Metroni alikuwa na msemo mmoja ambao nataka muushike. Damu ikiruka na mimi nikikimbilia pasi, alinishika mkono. "Panguza kwanza. Ona inatoka wapi. Ukichoma kabla hujaona, unapika supu."

Wagonjwa hawakupenda pasi. Namkumbuka makanga mmoja wa matatu za mtaa wa Tena aliyeng'olewa jino mahali fulani, damu ikakataa kukatika. Akaja amejaza fulana mdomoni.

"Sista, niaje. Hii kitu imekataa kusimama."

Tukamlaza. Daktari akawasha pasi. Makanga akasikia ule mlio, akaona ile ncha, akaketi wima.

"Zii! Hiyo si ni ya kuchoma? Sista, mi si mahindi!"

Tulimshika watu watatu. Kikanyagio cha bluu, psst moja, basi. Akajipapasa shavu. "Imeisha? Si mngeniambia ni kitu kidogo hivyo?" Tukadhani tumepata rafiki. Kumbe alitoka nje, akawatangazia waliokuwa wakingoja kwenye benchi, "Hapo ndani watu wanachomwa live." Wawili wakaenda zao, mmoja bila viatu. Viatu vile vilikaa kwa mlinzi wetu Barasa mpaka akaanza kuvivaa.

Tukaenda hivyo miaka kadhaa. Shida ya pasi ni kwamba inachoma tu kile unachokiona. Damu ikivuja ndani ya tumbo, kwenye ini kwa mfano, ilibidi mtu apasuliwe kwanza ndipo tujue pa kuchoma. Hapo ndipo alipokuja Daktari Mutiso.

Mutiso alikuwa kijana mwembamba wa Machakos, mwenye haya, anayewaomba radhi wagonjwa kabla hajawagusa. Alikuja na mashine ya altrasaundi iliyokwisha kutumika kwingine, yenye kioo kidogo kama cha televisheni ya zamani, na ilikuwa ukiipiga kofi upande wa kushoto picha inatulia. Kumbe pia alikuwa amesafiri nje kwa masomo mafupi, akaona madaktari wakiingiza sindano ndefu kwenye ini huku wakiitazama kwenye picha, kisha wakaipasha moto ncha tu na kuunguza uvimbe bila kumpasua mtu. Alirudi na sindano moja ya aina hiyo. Ilikuwa imevikwa plastiki mwili mzima isipokuwa ncha. Aliihifadhi kabatini kama yai.

"Sista," aliniambia, "mtu tukimtoa kinofu cha ini cha kupima na lile tundu likavuja, tunaweza kupita palepale na kuiziba kwa moto. Lakini lazima nijifunze kwanza."

"Utajifunza kwa nani?"

Akaona haya. "Kwa Ouma."

Alimaanisha maini ya Ouma ya bucha. Nikawa nateremka kununua ini la ng'ombe, tunaliweka kwenye karai la maji ya chumvi na bamba la pasi chini yake, Mutiso anachoma sindano iliyounganishwa na pasi, mimi nakanyaga bluu. Pale ncha ilipopata moto, ndani ya ini palitokea wingu jeupe kwenye kioo, kama maziwa yaliyomwagikia chai. Tukilikata baadaye, tunakuta palepale pameiva, mviringo mdogo, na pembeni pabichi. Barasa alikuwa ameomba yasitupwe, basi mabaki alichukua yeye. Naamini ndiye mtu wa kwanza Nairobi kula ini lililopikwa kuanzia ndani kwenda nje.

Ouma aliuliza kwa nini hospitali imependa maini ghafla. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashikilia kaunta. "Daktari mzima anasoma kwa maini ya mimi! Mwambie akifeli sirudishi school fees."

Lakini kulikuwa na ugomvi. Ile pasi yetu ikiwaka ilirusha mawimbi yake, na televisheni ya Ouma ilikuwa mita chache chini ya sakafu yetu. Tukikanyaga, picha yake inageuka chenga, nukta nyeupe tupu. Siku moja ya mechi akapanda ngazi na aproni yake yenye damu. Mgonjwa mmoja kwenye benchi akasimama kwa adabu na kumwambia, "Daktari, mimi ndiye wa ngiri."

Ouma akampita. "Sista, hiyo mashine yenu inanimaliza. Kila mpira ukikaribia goli, chenga! Wateja wananiona mimi ndiye mbaya."

"Baba Adhiambo, tunaziba damu ya mtu."

"Najua. Lakini si mngoje mpira utoke nje, ndio mchome?"

Metroni Rasoa akatoka. Akamtazama juu ya miwani mpaka Ouma akaanza kuifuta mikono yake iliyokuwa tayari safi. "Siku wewe ukilala kwa hii meza," akasema, "utataka tungoje mpira utoke nje?"

Ouma akashuka. Tulikubaliana kwamba siku za mechi hatutafanya upasuaji usio wa haraka, na tuliliheshimu agano hilo kuliko mengine mengi.

Kuelekea mwisho wa muongo ule, Ouma akaanza kukonda. Lile tumbo la heshima likaondoka, aproni ikawa inamzunguka mara mbili. Homa ilimjia kila jioni, na upande wa kulia ulimuuma. Mkewe, Mama Adhiambo, mwalimu wa watoto kanisani na mtu wa maneno machache, ndiye aliyemleta juu akiwa amemshika kiwiko kama mwizi. Mutiso akampiga picha. Ini lilikuwa limevimba na lina madoa.

"Inaweza kuwa saratani," akamwambia, maana hakujua kuficha. "Inaweza kuwa kitu kinachotibika. Bila kutoa kinofu tukapime, sitajua."

"Toa," akasema Ouma. "Mimi nimeuza vinofu vya maini miaka yote, nitakataa kutoa kimoja?"

Ikapangwa Jumamosi mchana, siku ambayo Mutiso alikuwa na nafasi. Ilikuwa siku ya mechi. Ouma mwenyewe alivunja agano, akisema kumpiga mtu sindano hakuhitaji pasi na hakutaharibu picha. Kinofu kilitoka vizuri, chembamba kama njiti ya kiberiti, kikaingia kwenye chupa yake. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia ili ini lijikandamize lenyewe. Akawa anatusimulia namna ya kumjua mbuzi mzee kwa meno.

Baada ya muda akaniomba blanketi la pili.

Nikaganda. Ouma alikuwa mtu anayeshinda mbele ya jiko la mkaa. Baridi haikuwa kitu chake. Nikamshika mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia na ngozi ilikuwa na jasho. Nikapima presha, nikapima tena, nikamwita Mutiso. Akaweka kile kishikio cha altrasaundi ubavuni, akapiga mashine kofi, picha ikatulia. Kwenye picha ile damu ni nyeusi. Ini la Ouma lilikuwa limevaa mkanda mweusi, na mkanda ulikuwa unapanuka tukiutazama.

Gari letu la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mjini. Damu tuliyokuwa nayo ya kundi lake ilikuwa pakiti moja, na Metroni tayari alikuwa ameitundika.

"Nikimpasua," Mutiso akasema polepole, "yote iliyo ndani itamwagika, na sina ya kurudisha." Akatazama kabati. "Sista, lete ile sindano."

Kwanza alimwinamia Ouma. "Mzee, unavuja damu ndani. Nataka kupita palepale na kuziba kwa moto. Sijawahi kumfanyia mtu."

Ouma akafungua jicho moja. "Ni ile ulikuwa unafanyia maini yangu?"

"Ndiyo."

"Na yalipona?"

Mutiso akaona haya hata wakati ule. "Yalikuwa ya ng'ombe aliyekufa."

"Basi mimi niko mbele yao," akasema Ouma. "Fanya."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Tukapangana hivi: Metroni kichwani, mkono kwenye mapigo; Mutiso, mkono mmoja picha, mkono mmoja sindano; mimi, mguu kwenye bluu. Bamba lilikuwa limekaa sawasawa pajani, maana Metroni alilikagua mara mbili huku akinong'ona na Mungu wake. Sindano ikaingia. Niliiona kwenye kioo, mstari mweupe ukishuka ndani ya ini mpaka pale tundu lilipokuwa likitoa kivuli.

"Bluu," akasema Mutiso.

Nikakanyaga. Kioo chetu chenyewe kikageuka chenga. Kwenye karai altrasaundi ilikuwa ikivumilia, lakini siku ile, sijui kwa nini, ikakataa. Na kutoka chini ukaja mngurumo wa watu: "Aaaah!" Televisheni ya Ouma nayo ilikuwa imekufa.

"Acha. Ngoja nione." Picha ikarudi, wingu jeupe dogo. "Bluu tena."

Nikakanyaga, na taa zikafifia. Pasi ikalia kama mbu mgonjwa. Uani, Fundi Kamau alikuwa ameanza geti jipya, na mashine yake ilikuwa ikinywa umeme wote wa jengo. Nilitaka kukimbia dirishani lakini mguu wangu ulikuwa na kazi. Metroni Rasoa, ambaye hakuwahi kupaza sauti thieta maisha yake yote, alifungua dirisha, akaita mara moja, akaona kelele za nyundo ya Kamau zinamshinda, akachukua karai la chuma na kulirusha nje. Lilitua juu ya geti la Kamau kwa kishindo cha kengele ya kanisa.

"Nani anarusha sufuria?"

"Zima mashine! Ouma anakufa huku!"

Kamau akazima. Baadaye aliniambia kwamba alichomoa hata waya wa redio yake, asije akalaumiwa.

Tukaendelea. Kukanyaga, kuacha, kutazama. Kila nilipokanyaga, wale wa chini walinguruma, na sasa mlango ukagongwa. Alikuwa Odera kinyozi, mtu aliyejiteua kuwa msemaji wa kila kikundi alichowahi kukaa nacho.

"Sista, mashabiki wamenituma niwaulize, kwani agano letu la mechi..."

Metroni akafungua mlango kwa upana wa uso wake. "Tunamchoma Ouma. Anavuja damu kwenye ini. Kila mkiona chenga, ni daktari anaziba." Akafunga.

Tukasikia viatu vya Odera vikishuka. Kisha tukamsikia akiwatangazia wenzake.

"Bluu," akasema Mutiso. Nikakanyaga. Na kutoka chini ikaja sauti moja, "Chenga!" kisha makofi, makofi ya ukumbi mzima, na wamama wa kanisa waliokuwa wamekusanyika na Mama Adhiambo kwenye ngazi wakaitikia, "Haleluya!" Nikaachia. Kimya. Nikakanyaga. "Chenga! Haleluya!" Nimefanya kazi na mashine nyingi zinazoimba, lakini hakuna iliyowahi kuniitikia vile.

Kisha Mutiso akasita. Ilibidi aisogeze sindano kidogo, na mkanda mweusi ulikuwa unamfichia njia. Akatafuta. Chini, mtu akaanza kulia kwa hofu, "Mbona imeshika picha? Jamani, mbona picha iko sawa?" Niliambiwa baadaye kwamba goli liliingia wakati huo, na hakuna aliyelishangilia.

Nilimtazama Ouma. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. "Sema kitu, Baba Adhiambo," nikamwambia. Hakusema. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya watu wa kelele, na sijawahi kuogopa kelele. Lakini kimya cha mtu yule kilinifanya nisikie meno yangu.

"Nimeipata," Mutiso akasema. "Bluu. Usiachie mpaka niseme."

Nikakanyaga na kushikilia. Chini walipiga makofi mpaka sakafu ikatetemeka. Mvuke mwembamba ukapanda kandokando ya sindano, na ile harufu ya siku yangu ya kwanza ikajaa chumba.

Pua ya Ouma ikacheza. Midomo ikafunguka.

"Hiyo," akasema kwa sauti ya mtu aliye kisimani, "inaungua. Punguza mkaa."

Metroni akasema tu, "Presha inapanda," lakini miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Mutiso akaitoa sindano polepole, akichoma njia yote hadi kwenye ngozi. Tukakaa tukiutazama ule mkanda mweusi kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Haukupanuka. Tukangoja tena. Haukupanuka. Mutiso akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba chai, na nusu yake ikamwagikia magoti.

"Sista," akasema, "tafadhali usiwaambie watu kwamba ilikuwa mara ya kwanza."

"Daktari, habari za maini Ouma alishauambia mtaa mzima."

Nilipoufungua mlango, Mama Adhiambo alikuwa amesimama peke yake mbele ya wenzake. Nikampeleka ndani, nikafunua shuka. Ubavuni palikuwa na plasta ya ukubwa wa sarafu. Akaigusa kwa kidole.

"Ni hii tu?" akauliza. Akakaa chini sakafuni, na sare yake ya kanisa, na ndipo akalia.

Majibu ya kinofu yalipokuja, Mutiso alipanda ngazi mbili mbili. Haikuwa saratani. Ilikuwa TB iliyokimbilia kwenye ini, ugonjwa mbaya lakini wenye dawa. Nilidhani Ouma atafurahi. Lakini nilimkuta ameketi kitandani, amekunja uso, na mkewe anacheka kwa siri kwenye kitambaa.

"Sista, huyu ameniambia kitu," akasema Ouma. "Ni kweli siku ile, nikiwa bado kwa meza, hawa watu wa chini walikuwa wameshaunda kamati ya mazishi?"

Nilikuwa nimesikia. Kati ya chenga ya kwanza na ya mwisho walikuwa wamechagua viongozi na kujadili basi la kwenda Siaya. "Walikuwa na wasiwasi tu, Baba Adhiambo."

"Na mwenyekiti wakaweka nani?"

Nikamtazama Mama Adhiambo. Akazidi kujificha kwenye kitambaa.

"Odera," nikasema.

"Odera kinyozi? Aongee juu ya jeneza langu? Yule akishika maikrofoni huwa anaiacha?" Akanyoosha mkono. "Lete hizo dawa."

Dawa za TB ni nyingi na zinachosha, na ni za miezi mirefu. Nimeona watu wenye nguvu wakiziacha njiani mara tu homa inapotulia. Ouma hakuruka hata moja. Kila asubuhi alipanda ngazi zetu, mwanzoni akipumzika katikati, baadaye bila kupumzika, akapokea vidonge mkononi mwangu, akavitupa mdomoni, akanywa maji, akafuta midomo kwa aproni iliyokuwa imeanza tena kumbana, na kusema, "Odera, leo pia hapana."